Bisi iliyokufa imekuwa ghala ya mahindi

Kila mwaka, mwezi wa tano, malori ya wanunuzi yanaanza kuonekana kwenye barabara ya Kasenga. Wanakuja na meka yao, na bei yao, na falanga mkononi. Mkulima iko na deni ya mbolea, iko na mgonjwa nyumbani, mahindi iko chini kwenye bashi na nafasi ya kuyaweka hana. Anauza. Halafu mwezi wa kwanza, yule yule mkulima anatafuta unga wa bukari, na ule unga mara mingi umetoka Zambia kupitia Kasumbalesa, kwa bei ambayo si yeye anayeipanga. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia yenyewe, na mwezi wa pili serikali yao ikatangaza janga la taifa. Kila mama wa Lubumbashi anayenunua unga kwa meka anakumbuka mwaka ule.

Ndugu wanakooperative, hayo mnayajua kuliko mimi. Mnajua pia dawa yake, kuhifadhi mahindi mpaka bei ipande. Lakini ghala ya matofali inaomba sima, mabati, mbao, fundi, na kooperative nyingi za kwetu hazina kesi ya kubeba hayo yote kwa mwaka mmoja. Ndiyo sababu nimeona vema kuwaelezea kazi ya kooperative moja ya barabara hiyo ya Kasenga, ambayo nimeifuata tangu mavuno. Wao hawakujenga. Walichukua bisi iliyokufa, wakaita marafiki, na leo ndani yake kuna mahindi na mbegu.

Ilitakiwa itembee

Mwanzoni hakuna mtu aliyefikiri ghala. Vijana walitaka bisi ya kutembea. Walikuwa wameiona kwenye kiwanja kimoja pembeni ya mji, bisi ya aina ya Coaster, nyasi zimeota mpaka kwenye madirisha, na mwenyewe anaiuza kwa bei ya vyuma. Mpango wao ulikuwa huu: tengeneza injini, toa viti vya nyuma, mbele wakae mama wa soko, nyuma magunia. Kwenda mahindi, kurudi chumvi na sabuni. Mpango mzuri, na mimi sikuucheka.

Rafiki wao mmoja mekanisiye alikuja kuifungua siku ya Mungu, bila kulipwa. Alivuta kile kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mnaoendesha mashini za kusagia mnajua maana yake: maji yameingia kwenye mafuta. Alifungua zaidi, akakuta kulase iko na ufa. Kutafuta kulase nyingine inawezekana, lakini bado pine sita, batri, breki, radiateri, na bado karatasi za barabarani.

Hapo mama mweka hazina aliomba kalamu. Bisi ya ukubwa ule inabeba karibu tani 2, maana yake magunia 20 ya kilo 100, na ukiweka watu unapunguza magunia. Akauliza: mwezi wa tano na wa sita tutakuwa na mzigo, mwezi wa tisa bisi itabeba nini? Na mazutu ya kurudi mtupu nani atalipa? Chofa atakula wapi? Vijana walijibu kwa miezi miwili ya mavuno, lakini kwa miezi kumi iliyobaki hawakuwa na jibu. Kwa maoni yangu lile swali liliokoa kooperative. Nimeona gari za mashirika na za kooperative zilizokufa kwa ajili ya kukosa mzigo kabla hazijafa kwa ajili ya injini.

Aliyeleta wazo la ghala alikuwa muzee mmoja, mstaafu wa reli. Maisha yake yote alikuwa ameona mabehewa yaliyochoka yakigeuzwa kuwa depo, nyumba, hata kantini. Alisema: kama haiwezi kwenda, basi ikae, lakini ikae kazini. Na ni yeye pia aliyeongeza neno ambalo wengi hawakulisikia vizuri siku ile, kwamba chuma kinatoka jasho usiku. Nitalirudia hapo chini, maana ndilo neno kubwa katika habari hii yote.

Karatasi, halafu vyuma

Kabla ya kulipa walidai mambo mawili kwa muuzaji: karte roze ya ile bisi, na karatasi ya mauzo yenye majina ya mashahidi. Walilinganisha namba ya karte roze na namba iliyopigwa kwenye shasi, kwa kusugua kutu na kitambaa mpaka namba ikasomeka. Wengine waliona ni kupoteza wakati kwa gari ambalo halitatembea. Si kupoteza wakati. Gari la wizi linabaki la wizi hata likiwa juu ya matofali, na siku mwenyewe akija na polisi, mahindi yenu iko ndani.

Halafu waliuza kile ambacho ghala haihitaji. Sanduku la gia, difransiyeli, demareri, alternateri, marimu, hata kiti cha chofa msaidizi. Garaje za mji zinatafuta vipande kama hivi kila siku. Pesa iliyotoka ililipa mbao, misumari, na magunia yasiyopitisha hewa. Usukani haukupata mnunuzi, ukabaki. Sasa kiti cha chofa ndiyo ofisi ya mtunza ghala, na kaye yake inakaa juu ya dashibodi.

Mafuta yote yalimwagwa kabla ya kusafiri: mazutu, mafuta ya injini, ya gia, ya breki. Batri ilitolewa. Hilo nawaomba mlishike, kwa sababu mahindi yanavuta harufu. Gunia likilala wiki mbili karibu na mazutu, bukari yake itanuka mazutu, na hakuna mnunuzi atakayerudi. Sakafu waliisugua kwa maji ya moto, sabuni na majivu, mara tatu, na waliiacha wazi kwenye jua mpaka pua ya kila mtu ikakubali. Na msilete mafuta mbovu ya garaje kupaka mbao za ndani eti kwa ajili ya mchwa. Nimeona wengi wakifanya hivyo. Mafuta yale iko na sumu, na mbao zinakaa karibu na chakula.

Kuisafirisha hakukuhitaji kukodi gari kubwa. Lori zinazofuata samaki Luapula zinatoka mjini na nafasi, na chofa mmoja ni shemeji wa memba. Walivuta bisi kwa chuma kigumu, si kwa kamba, kwa sababu bisi ambayo injini yake imezimwa breki zake hazina nguvu, na kwa kamba ingegonga lori kwenye mteremko wa kwanza. Walitoka alfajiri, polepole, mtu mmoja kwenye usukani.

Kuipandisha juu

Panya akipata sakafu iliyo chini anaingia. Ghala ya nafaka inatakiwa kusimama sentimita 75 au zaidi kutoka ardhi, na kila nguzo iwe na kofia ya bati inayomzuia panya kupanda. Lakini mnapandisha vipi bisi ya tani 3 bila mashini?

Hapa muzee wa reli aliita marafiki zake wawili wa zamani. Walikuja na jeki mbili na mbao za reli zilizotolewa kazini, zile nzito nyeusi. Wanainua upande mmoja sentimita chache, wanaingiza mbao, wanahamia upande wa pili, wanaingiza mbao, na mbao zinapangwa kwa kukatana, mbili hivi na mbili vile, kama mtu anayepanga kuni za kuchoma matofali. Siku mbili nzima. Sheria yao ilikuwa moja na waliitaja kwa sauti kali: hakuna mtu kuingiza kichwa chini ya bisi wakati iko juu ya jeki peke yake. Kijana mmoja alijaribu kuokota spana, alifukuzwa kazini mpaka jioni.

Bisi ilipofika juu, fundi wa matofali alijenga nguzo nane za matofali ya kuchoma, chini ya shasi, si chini ya bati la sakafu. Shasi ndiyo mfupa unaobeba uzito. Halafu mbao za reli ziliondolewa zote. Zile mbao zimelowa dawa nyeusi ya kuzuia kuoza, ambayo ni sumu na inanuka, hivyo hazifai kubaki hata chini ya ghala. Ngazi ya kupandia ni ya mbao, na jioni inaondolewa, kwa sababu panya anajua ngazi kama sisi.

Chuma kinatoka jasho

Sasa tufike kwenye neno la muzee. Simameni kidogo hapa, hata mnaosoma kwa haraka.

Bisi iliyofungwa kwenye jua ni tanuru. Ndani yake joto linaweza kupita nyuzi 50. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, huku kwetu Haut-Katanga, baridi inashuka mpaka watu wanalala na blanketi mbili. Mchana ule joto linatoa unyevu ndani ya mahindi, unyevu unapanda na hewa. Usiku bati la juu linapoa haraka sana, ule unyevu unakutana na bati baridi, unageuka matone. Matone yanaanguka juu ya magunia ya juu. Ni jambo lile lile mnaloliona kwenye kifuniko cha sufuria. Mtu anakuja asubuhi, anaona gunia limelowa, anasema bisi inavuja. Haivuji. Ni mahindi yenyewe yaliyotoa maji, na yamerudishiwa.

Mahindi yaliyolowa yanaota kuvu. Baadhi ya kuvu, sana-sana ile ya rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, inatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii haifi kwa kupika. Inaharibu ini, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka inaweza kuleta kansa ya ini. Akiila nyingi kwa mara moja inaua. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa kwa mahindi ya namna hii, mengi yakiwa yamehifadhiwa na unyevu nyumbani kwao. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya jasho la bisi, tunazungumza pia juu ya afya ya watoto wetu.

Mimi niliwaambia wazi: bisi jinsi ilivyo ni mahali pabaya kuliko jiko la mama, ambapo moshi angalau unakausha. Ikibadilishwa, inaweza kuwa pazuri. Walifanya hivi.

Juu ya bisi walijenga paa lingine la nyasi, kwenye miti ya mikaratusi iliyosimama pembeni, bila kugusa bisi. Kati ya nyasi na bati kuna nafasi ya mtoto kupita akiinama, na hewa inapita humo. Jua halipigi tena chuma, na usiku chuma hakipoi kwa haraka. Kazi hii ya siku nne ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Ukiingia saa saba mchana unasikia baridi kidogo. Sehemu ambazo jua la asubuhi bado linafika zimepakwa chokaa nyeupe.

Nyasi ina adui mmoja, moto. Mwezi wa nane na wa tisa kila mtu anachoma porini. Walilima na kufagia ukanda wa mita kumi kuzunguka bisi yote, na zamu ya kuufagia iko kwenye kaye. Ningekuwa mimi, mwaka kesho ningeweka mabati mahali pa nyasi, hata mabati ya zamani. Wao wanasema kwanza deni liishe. Sawa.

Madirisha: vioo vinne vilitolewa, viwili kila upande, na sudere akaweka waya wenye matundu madogo ambayo panya mtoto hawezi kupita, na kibati cha kufunga kwa nje. Sheria ya kufungua ni rahisi. Jua likiwa limekausha umande, hewa ya nje ni kavu, fungueni. Jioni, usiku, na siku za mvua, fungeni. Wengi wanafikiri kufungua siku zote ni vizuri. Wakati wa mvua, hewa ya nje ndiyo yenye maji, na ukifungua unaiingiza.

Kutafuta matundu hakuhitaji chombo. Mtu mmoja anaingia saa sita mchana, wengine wanafunga mlango na kuziba madirisha kwa bashi. Kila mahali anapoona nyota ya mwanga, anachora kwa makaa. Walihesabu nyingi, sana-sana kwenye maungio ya paa na juu ya matairi ya nyuma ambapo kutu imekula. Sudere aliyafunga yote kabla hata punje moja haijaingia. Moto wa sudere na magunia havikai nyumba moja.

Ndani, magunia hayagusi chuma. Chini kuna palete, kati ya magunia na ukuta kuna upana wa mkono mzima, na katikati njia ya mtu kupita akiwa amebeba. Coaster iko na urefu wa karibu mita 7 na upana wa mita 2, hivyo njia na nafasi za pembeni zinakula sehemu kubwa, na vijana walilalamika. Walitaka kujaza mpaka paa. Komite ilikataa, ikaweka kikomo cha tani 3. Kile ambacho huwezi kukizunguka huwezi kukikagua.

Kwanza yakauke

Ghala hata iwe nzuri namna gani haikaushi mahindi. Mahindi ya kuweka miezi mingi yanatakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 13 au chini. Mashini ya kupima ni ghali, lakini chumvi ipo. Chukueni chupa kavu, wekeni chumvi iliyokaushwa vizuri juani au kwenye moto, ongezeni mahindi, fungeni, tikiseni kwa dakika chache, acheni kidogo. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisheni juani. Isiposhika, mko chini ya 15. Angalieni vizuri: chini ya 15 haimaanishi 13. Kooperative hii inaongeza siku mbili za jua juu ya bashi baada ya chumvi kukubali, na muzee mmoja anauma punje kwa meno. Ikivunjika kwa sauti, anakubali. Magunia kadhaa yalirudishwa nyumbani, na wenyewe walikasirika. Mmoja wao alikuwa memba wa komite. Walifanya vizuri kuanza na huyo.

Mahindi yamewekwa kwenye magunia ya tabaka tatu, mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Teknolojia hii ilianzia kwenye kunde, huko Kamerun. Ukifunga mfuko mmoja mmoja na kukaza, bilulu waliomo wanamaliza hewa, wanaacha kula, wanakufa, bila dawa yoyote. Lakini plastiki ikitobolewa inakuwa gunia la kawaida. Mwezi wa nane walikuta magunia mawili ambamo fukusi walikuwa hai. Sababu ilikuwa msumari uliotokeza kwenye palete. Sasa kila palete inapapaswa kwa mkono kabla ya kutumika.

Kuna waliosema: si tungeacha jua lipige bisi, joto liue bilulu? Ni kweli joto kali linaua bilulu. Lakini nyuma ya bisi, nyuma ya pazia la bashi, kuna mbegu, na mbegu inazeeka kwa joto. Kwa kanuni ambayo sisi maagronome tunafundishwa, kila joto likipungua nyuzi kama 5 mpaka 6, maisha ya mbegu yanaongezeka karibu mara mbili. Na unyevu ukipungua asilimia 1, vilevile. Kila mara ninarudia kwamba mbegu za kuweka ni za aina inayoweza kupandwa tena. Ile ya ibridi nunueni upya, msiihifadhi mkitegemea mavuno yale yale.

Siku za marafiki

Watu waliofanya kazi hii si memba wote. Sudere anakaa mjini, mama yake ndiye memba. Wazee wa reli hawalimi hata mstari mmoja wa mahindi. Walikula bukari na samaki wa Luapula, walilala kwa watu, walirudi kwao. Kazi ya kirafiki ni tamu mpaka siku ya kugawa. Mwaka wa pili mtu anakumbuka siku zake, na anazikumbuka zaidi kuliko zilivyokuwa.

Mama mweka hazina alifungua ukurasa tangu siku ya kwanza: jina, tarehe, kazi, chombo alicholeta nacho, na sahihi au kidole. Kwa memba, kazi hii inaweza kuhesabiwa. Sheria ya kooperative ya OHADA, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010 na ambayo nchi yetu inaifuata kama mwanachama, inakubali mchango wa memba uwe pesa, uwe mali, au uwe kazi. Kwa marafiki wasio memba, mkutano mkuu uliamua wenyewe. Wazee wa reli waliomba jeki zao zirudishwe zikiwa na grisi mpya, na gunia moja la unga kila mmoja. Sudere, aliyefanya siku nyingi kuliko wote, aliomba nafasi ya kuweka magunia ya mama yake bure. Walibishana jioni nzima. Wengine waliogopa kwamba kesho na mtoto wa kila mtu atadai. Mwishoni walimpa nafasi hiyo kwa msimu mmoja, ikaandikwa, na msimu ujao mama atalipa kama wengine.

Jambo la kiwanja lilikuwa gumu kupita hilo. Mwenyekiti alitoa nafasi kwake, kwa moyo mzuri, sina shaka. Mkutano ulikataa. Bisi ikikaa miaka mitano kwenye lupango ya mtu, watoto wake watasema ni ya baba yao. Chifu wa kijiji alitoa kipande karibu na shule, mbele ya mashahidi, kwa karatasi yenye muhuri. Mlango iko na kadena tatu, na funguo tatu kwa watu watatu wa familia tatu.

Mwezi wa tisa

Jaribio halikuja kwa panya wala kwa jasho. Lilikuja na shule. Mwezi wa tisa minervali na yunifomu zinaomba pesa, na bei ya mahindi ilikuwa imepanda kidogo tu. Memba kadhaa walikuja kutoa magunia yao. Komite haikuwa na haki ya kuwazuia, mahindi ni yao. Lakini kila mtu akitoa mwezi wa tisa, kazi yote ile ilikuwa ya bure.

Walikubaliana memba atoe nusu, na nusu ibaki mpaka mwezi wa kwanza. Mwenye shida ya kutoa yote, kooperative inamtangulizia sehemu ya pesa kutoka kwenye kesi, na mahindi yake yanabaki kama dhamana. Kesi ni ndogo, ilitosha kwa watu wachache, na mama mweka hazina alilazimika kuchagua: kwanza wajane, halafu wenye watoto wa mitihani. Wawili walikasirika wakatoa kila kitu. Kwangu mimi hapo ndipo pa kufanyia kazi mwaka ujao, kuliko kununua bisi ya pili, ambayo vijana wameshaanza kuitaja.

Ninapoandika, mvua za kwanza zimeanguka. Madirisha yanafungwa saa nane badala ya saa kumi, na chupa ya chumvi inatikiswa kila Jumamosi kwa gunia moja linalochaguliwa na mtoto, si na komite. Punje zinatolewa kidogo, gunia linakazwa tena papo hapo. Mbegu zinapimwa wiki hii: punje 100 juu ya kitambaa chenye maji, siku saba, kuhesabu zilizoota. Zikiwa 85 au zaidi, zinagawiwa. Zikipungua kidogo, wataongeza punje kwenye shimo. Zikipungua sana, zitakwenda kwa kuku.

Wanakooperative wanaotaka kuja kuona wanakaribishwa siku za Jumamosi, kabla ya saa sita, kwa kikundi cha watu watano, maana njia ya ndani ni nyembamba. Wiki jana alipita mnunuzi mmoja kuuliza bei. Alijibiwa arudi mwezi wa kwanza, na aje na mzani, meka aiache mjini.